Programu inafanya usichotarajia: ushike kifaa kipi kwanza?

Msimbo ni uleule. Ukiukompaili (ukiugeuza kuwa lugha ya mashine) kwa `-O0`, yaani bila uboreshaji, unatoa jibu sahihi, ukiukompaili kwa `-O2`, uboreshaji ukiwa umewashwa, unatoa jibu jingine. Au programu inaanguka mara chache tu, na ukiongeza mstari mmoja wa `printf` ili uone kinachoendelea, haianguki tena. Wengi wetu tukifika hapo tunashika kifaa tulichokizoea: aliyezoea kuchapisha anachapisha, aliyezoea dibaga, kifaa cha kusimamisha programu na kuichungulia ndani, anafungua dibaga. Hapo ndipo siku inapopotea, kwa sababu vifaa hivi havioni mambo yaleyale. Kila kimoja kina aina ya kosa ambalo hakiwezi kuliona hata ukikitumia wiki nzima.

Nitavilinganisha kwa kufuata dalili. Unapoanza, chanzo hukijui bado, dalili unayo, basi dalili ndiyo ichague kifaa. Mifano mingi ni ya C na C++, maana huko ndiko mambo haya yanakouma zaidi, lakini lugha nyingine nazo zina mitego yake na ndizo nitakazoanza nazo.

## Swali linalotangulia vifaa vyote

Je, lugha iliahidi hicho ulichokitarajia?

Sehemu kubwa ya tabia za ajabu si hitilafu kabisa. Katika Python, `-7 // 2` inatoa -4, kwa kuwa alama hiyo hugawanya kisha ikashuka hadi namba nzima iliyo chini. Katika C, `-7 / 2` inatoa -3, kwa kuwa C hukata desimali kuelekea sifuri. Katika JavaScript, `[10, 9, 1].sort()` inatoa `[1, 10, 9]`, kwa kuwa `sort` isipopewa maelekezo hulinganisha kila kitu kama maandishi. Katika Java, `Integer` mbili zenye 127 zikilinganishwa kwa `==` huonekana sawa, zenye 128 huonekana tofauti: Java huweka akiba ya namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena, na zaidi ya hapo kwa kawaida hutengeneza kitu kipya kila mara.

Go ilibadilisha kabisa maana ya kigeu cha `for` katika toleo la 1.22, Februari 2024. Kabla ya hapo kigeu kilikuwa kimoja kwa mzunguko mzima, tangu hapo kila duru ina chake. Mstari uleule unaweza kutoa majibu mawili kulingana na toleo lililoandikwa kwenye faili la `go.mod`. Rust nayo, namba nzima ikizidi uwezo wake, husimamisha programu katika ujenzi wa kawaida wa majaribio, lakini katika ujenzi wa `--release` huizungusha kimyakimya. Haya yote yameandikwa kwenye nyaraka za lugha.

Kwa dalili za aina hii, dibaga itakuonyesha kwa uaminifu kwamba jibu ni -4, na hutakuwa umejifunza chochote. Kinachofaa ni jaribio la mistari mitano nje ya programu yako, kisha ukurasa wa nyaraka unaozungumzia alama au fanksheni hiyo. Ukiona jaribio dogo linatoa jibu lilelile la ajabu kila mara, kwenye kila mashine, basi acha kutafuta hitilafu na uanze kusoma.

Kuna na lile la mpangilio. Tangu Python 3.3, mpangilio wa maandishi ndani ya `set` unaweza kubadilika kila unapoendesha programu, na Go huchanganya makusudi mpangilio wa `map`. Kama jaribio lako hufaulu leo na kufeli kesho bila kuguswa, angalia hapo kabla ya popote. Kwa Python, weka `PYTHONHASHSEED=0` uone kama hitilafu inatulia. Ikitulia, umeshaipata.

C inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ina ngazi tatu za kutoahidi. Kuna mambo ambayo kila kompaila hujichagulia na kuyaandika: kwa mfano `char` huwa na alama ya hasi kwenye prosesa za x86, na haina kwenye Linux ya prosesa za ARM, hivyo sharti la `c < 0` linaweza lisitimie kamwe ukihamia huko. Kuna mambo ambayo kompaila hujichagulia bila kulazimika kukuambia: katika `f(a(), b())`, kati ya kompaila mbili za C, GCC inaweza kuanza na `b` na Clang ikaanza na `a`. Halafu kuna tabia isiyofafanuliwa, ambapo kiwango rasmi cha lugha hakidai chochote kutoka kwa kompaila. Hii ya tatu ndiyo inayotawala makala yote iliyobaki.

## Kuchapisha au kuingia kwenye dibaga

Sikubaliani na wanaodharau `printf`. Kuchapisha kunakupa kitu ambacho dibaga haikupi kirahisi: mwendo wa thamani katika muda wote. Kama hitilafu inajengeka taratibu ndani ya duru elfu ishirini za mzunguko, faili la matokeo unaloweza kulipekua kwa `grep` ni bora kuliko kusimama na kuendelea mara elfu ishirini. Pia kunafanya kazi kwenye seva usiyoruhusiwa kuisimamisha, na kwenye lugha yoyote.

Lakini kuna mtego mmoja unaopoteza watu njia, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Katika C, matokeo ya `stdout` yanayokwenda kwenye terminali hutolewa mstari kwa mstari. Ukiyaelekeza kwenye faili, hukusanywa kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kuandikwa kwa mafungu. Programu ikianguka ghafla, kilichomo kwenye bafa hupotea. Kwa hiyo faili lako litasema programu ilifika hatua ya tatu, wakati kwa kweli ilifika hatua ya tisa, na wewe utakaa kukagua hatua ya nne ambayo haina kosa lolote. Chapisha kwenye `stderr`, ambayo haikusanyi, au weka `fflush(stdout)` baada ya kila mstari.

Udhaifu wa pili ni kwamba kuchapisha hubadilisha programu. Mwito wa `printf` huchukua muda, hupanga upya rejista (hifadhi ndogo za prosesa) na steki (kumbukumbu ya vigeu vya fanksheni), na humlazimisha kompaila kuhifadhi vigeu ambavyo angevifuta. Kama kuongeza mstari wa kuchapisha kunaiondoa hitilafu, usifurahi wala usiache mstari huo pale. Umepata dalili nzito: ama kuna nyuzi mbili (sehemu za programu zinazokwenda sambamba) zinazogongana, ama kuna kumbukumbu inayoguswa isivyo halali. Acha kuchapisha, nenda moja kwa moja kwenye sanitaiza nitakazozieleza chini, yaani vikaguzi vinavyopachikwa na kompaila.

Dibaga kama gdb, iliyoanza mwaka 1986, inashinda kwa mbali katika hali mbili. Ya kwanza ni programu iliyokwisha kuanguka na kuacha faili la core, yaani nakala ya kumbukumbu yake ilipoanguka: unalifungua, unaandika `bt`, na mlolongo wa miito unaonekana bila wewe kuwa umejiandaa kwa lolote. Ya pili ni swali la "nani anakibadilisha kigeu hiki?" Ukijaribu kulijibu kwa kuchapisha, lazima ukisie mahali pa kuchapisha, na kama mharibifu ni kielekezi (kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu) kilichopotea njia kutoka faili jingine kabisa, hutakisia. Amri ya `watch` ya gdb husimamisha programu papo hapo thamani inapobadilika, popote pale, na kukuonyesha mstari uliofanya hivyo.

Ubaya wake unaujua aliyewahi kukagua msimbo wa `-O2`: vigeu vingi huandikwa `<optimized out>`, na mshale wa mstari huruka mbele na nyuma. Jaribu `-Og`, iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: kwenye Linux, gdb kwa kawaida huzima upangaji wa nasibu wa anwani za kumbukumbu. Hitilafu inayotegemea mahali ambapo kitu kimeangukia inaweza kutoweka kabisa ndani ya gdb, na mtu akahitimisha kwamba kompyuta yake ina mambo. Andika `set disable-randomization off` kabla ya `run`, kisha jaribu tena.

Kwa hitilafu ya mara moja moja, rr iliyoanzia Mozilla inavishinda vyote viwili. Inarekodi uendeshaji mzima, na ukishapata rekodi moja yenye hitilafu, unaweza kuirudia kadiri utakavyo na kila mara itatokea vilevile. Zaidi ya hapo unaweza kurudi nyuma: simama mahali thamani ilipoonekana mbovu, weka `watch`, andika `reverse-continue`, na utapelekwa kwenye mstari ulioiharibu. Ina masharti yake. Ni ya Linux tu, inahitaji prosesa inayotoa vihesabio vyake vya utendaji (mashine pepe nyingine hazivitoi), na inaendesha uzi mmoja kwa wakati, hivyo baadhi ya migongano ya nyuzi hujificha. `rr record --chaos` huchanganya zamu za nyuzi ili kuzichokoza. Kama mashine yako inaikubali, na hitilafu yako huja na kuondoka, ningeanza na rr kabla ya kitu kingine.

## AddressSanitizer au Valgrind

Hapa ndipo uchaguzi una uzito, kwa sababu vifaa vyote viwili vinadai kukagua kumbukumbu, na watu wengi hudhani ukitumia kimoja umemaliza.

Valgrind ilitoka mwaka 2002. Huchukua programu uliyokwisha kuikompaili na kuiendesha ndani ya prosesa ya kuigiza, ikifuatilia kila baiti. AddressSanitizer ilikuja na Clang 3.1 mwaka 2012, kisha GCC 4.8 mwaka 2013. Yenyewe huingia wakati wa kukompaili: kompaila huongeza ukaguzi kabla ya kila kusoma na kuandika kumbukumbu, na kuzungushia kila safu eneo lisiloruhusiwa kuguswa.

| Unachohitaji | AddressSanitizer | Valgrind |
|---|---|---|
| Kukompaili upya | Lazima, kwa `-fsanitize=address` | Si lazima, ila `-g` inasaidia |
| Kasi | Polepole takriban mara 2 | Polepole mara 20 hadi 30 |
| Kupita mwisho wa safu iliyo kwenye steki | Inaona | Haioni |
| Kugusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa | Inaona | Inaona |
| Kutegemea thamani ambayo haikuwekwa | Haioni | Inaona |
| Maktaba usiyo na msimbo wake | Inaona kidogo tu | Inaona |

Mistari ya tatu na ya tano ya jedwali ndiyo ya kukumbuka. Chukua msimbo huu:

```c
int alama[10];
for (int i = 0; i <= 10; i++)
    alama[i] = 0;
```

Nafasi halali ni 0 hadi 9. Duru ya mwisho inaandika nje ya safu. Kama kompaila imekiweka `i` mara tu baada ya `alama`, basi `alama[10] = 0` inakirudisha `i` kwenye sifuri, na mzunguko hauishi milele. Ukibadilisha mpangilio wa vigeu, hitilafu inahamia kwenye kigeu kingine. Valgrind itakaa kimya, kwa sababu kwenye msimbo wa mashine steki ni eneo moja halali la kumbukumbu, na mipaka kati ya kigeu na kigeu imeshafutika. AddressSanitizer inasimama kwenye mstari huohuo na kukutajia safu iliyopitwa.

Sasa geuza mambo. Programu ina `int jumla;` isiyopewa thamani ya mwanzo, kisha inaongeza juu yake. Kwenye mashine yako eneo hilo lilikuwa na sifuri, jibu likatoka sahihi. Kwenye seva kulikuwa na takataka. AddressSanitizer haitasema neno, kwa kuwa anwani ni halali, tatizo ni kilichomo. Valgrind itakuambia kwamba uamuzi fulani umetegemea thamani ambayo haikuwekwa, na ukiongeza `--track-origins=yes` itakuonyesha ilikotoka. Clang ina MemorySanitizer kwa kazi hii na ni yenye kasi zaidi, lakini inataka maktaba zote unazozitumia ziwe zimekompailiwa nayo, sharti ambalo kwa miradi mingi halitekelezeki.

Ushauri wangu ni huu: AddressSanitizer iwe ndani ya majaribio yako ya kila siku, kwa kuwa mara 2 ni gharama inayobebeka. Valgrind iitwe pale dalili inaponuka thamani isiyowekwa, yaani jibu linabadilika kati ya mashine na mashine ilhali AddressSanitizer haioni kosa. Na ukiwa huna uwezo wa kukompaili upya, Valgrind ndiyo iliyobaki.

Mambo mawili madogo kuhusu AddressSanitizer. Kwenye mashine za biti 64 inajitengea zaidi ya terabaiti 16 za anwani pepe, bila kuzitumia kweli, hivyo ukiwa umeweka kikomo kwa `ulimit -v` programu haitaanza. Na mruko mkubwa unaopita eneo la ulinzi lote na kutua ndani ya safu nyingine halali hautaonekana. Ukimya wake si cheti.

Kwa nyuzi zinazogongana kuna ThreadSanitizer, ambayo hupunguza kasi mara 5 hadi 15 na kutumia kumbukumbu mara 5 hadi 10. Haiwezi kuwekwa pamoja na AddressSanitizer katika ujenzi mmoja, kwa hiyo panga ujenzi wa pili. Anayeandika Go tayari anayo, ndiyo inayofanya kazi nyuma ya `go test -race`.

## Jibu linabadilika ukiwasha uboreshaji

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu waituhumu kompaila, na ndiyo inayohitaji utulivu kuliko zote. Tazama:

```c
int inafaa(int x) {
    int y = x + 1;
    return y > x;
}
```

Mwandishi alitaka kujua kama `x` inaweza kuongezewa moja bila kufurika, yaani bila kuzidi uwezo wa aina yake. Ipe 2147483647, namba kubwa kuliko zote kwa `int` ya biti 32. Bila uboreshaji, namba inajizungusha hadi -2147483648, ulinganisho unashindwa, fanksheni inarudisha 0. Mwandishi anaridhika. Kwa `-O2` inarudisha 1.

Kompaila haijakosea. Kiwango cha C kinasema kufurika kwa namba yenye alama ni tabia isiyofafanuliwa, hivyo kompaila ina haki ya kudhani hakutokei. Na kama hakutokei, basi `x + 1` siku zote ni kubwa kuliko `x`, hakuna haja ya kuhesabu chochote. Ulinzi umefutwa kwa sababu uliandikwa kwa kutumia kosa lenyewe ulilokusudia kulizuia.

Una njia tatu za kulifikia hili, na zina thamani tofauti.

Ya kwanza ni kubadilisha swichi. Ongeza `-fwrapv`, ambayo huamuru namba zijizungushe, na jibu linarudi 0. Ongeza `-fno-strict-aliasing` kama unashuku kwamba kumbukumbu inasomwa kwa aina mbili, mfano `float` inayosomwa kupitia kielekezi cha `int`. Hii ni njia ya haraka sana, dakika chache, na inakuambia familia ya kosa. Haikuambii mstari. Pia inavutia kuiacha swichi pale na kuendelea na maisha, jambo ambalo ni sawa tu kama umeamua kwa makusudi kwamba mradi wako unaandikwa kwa kanuni hiyo. Kerneli ya Linux ilifanya uamuzi kama huo: mwaka 2009 iligundulika kwamba katika kiendeshi cha `tun`, kielekezi kilitumiwa kwanza na kukaguliwa baadaye kama ni tupu. GCC ikahitimisha kwamba kilichokwisha kutumiwa hakiwezi kuwa tupu, ikaufuta ukaguzi, na pakabaki mwanya wa usalama. Tangu hapo kerneli hukompailiwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`.

Ya pili ni kulinganisha kompaila mbili, GCC na Clang, kwa viwango kadhaa vya uboreshaji. Zikitofautiana, una shaka yenye msingi kwamba msimbo unategemea kitu kisichoahidiwa. Zikikubaliana, hujathibitisha lolote, maana kwa mfano wa hapo juu, kwa `-O2` zote mbili zitarudisha 1.

Ya tatu ni UndefinedBehaviorSanitizer, kwa `-fsanitize=undefined`. Hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Inakutajia faili, mstari na thamani zenyewe:

```
runtime error: signed integer overflow: 2147483647 + 1 cannot be represented in type 'int'
```

Ni nyepesi, inakaa vizuri pamoja na AddressSanitizer, na kwa kawaida haisimamishi programu, inaandika tu na kuendelea. Ukitaka isimame, ongeza `-fno-sanitize-recover`. Kikwazo chake ni kwamba inaona kinachotokea tu, si kinachoweza kutokea: kama jaribio lako halijawahi kupeleka namba kubwa, itanyamaza.

Marekebisho ni kukagua kabla ya kujumlisha, `x < INT_MAX`, au kutumia `__builtin_add_overflow` iliyomo kwenye GCC na Clang. C23 imeleta `ckd_add` kwa kazi hiyohiyo.

Maonyo ya kompaila nayo ni kifaa, tena cha bure, ila jihadhari na jambo moja. Baadhi ya maonyo, kama `-Wmaybe-uninitialized` ya GCC, hutegemea uchambuzi unaofanyika tu uboreshaji ukiwa umewashwa. Ukikusanya maonyo kwa `-O0` pekee, mengine hutayaona.

Namba za desimali ni jamii nyingine. Kwenye x86 ya biti 32, vikokotoo vya zamani vilihifadhi matokeo ya kati kwa biti 80, na kuyakata yanapoandikwa kwenye kumbukumbu. Hivyo uboreshaji, ambao huamua nini kibaki kwenye rejista, ulibadilisha majibu. Malalamiko hayo yalifunguliwa kwa GCC mwaka 2000 kama hitilafu namba 323 na kuwa maarufu. Kwenye biti 64 tatizo hilo limepoa, lakini lina mrithi: kwenye ARM64 kompaila inaweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja yenye ukataji mmoja, na tarakimu ya mwisho ikatofautiana na ya x86. Jaribu `-ffp-contract=off`. Kama umewasha `-ffast-math`, izime kabla ya uchunguzi mwingine wowote, kwani inaruhusu kompaila kudhani NaN (thamani ya "si namba") haipo, na ukaguzi wako wa `isnan` unaweza kufutwa.

## Kupekua historia au kupunguza msimbo

Kama programu iliwahi kufanya kazi, `git bisect`, ambayo hupekua historia ya mabadiliko kwa kuigawa nusu kwa nusu, ni chaguo la kwanza. Mabadiliko 1000 yanahitaji majaribio 10 hivi. Ukiwa na skripti inayorudisha 0 kwa toleo zima, 1 kwa bovu na 125 kwa lisilokompailika, `git bisect run` itafanya kazi peke yake wakati wewe unafanya mengine. Huhitaji hata kuuelewa msimbo.

Hatari yake ni hitilafu ya mara moja moja. Jibu moja la uongo linaipeleka kwenye nusu isiyo sahihi, na kila hatua inayofuata ni bure. Kama hitilafu hutokea mara moja katika mara 10, skripti irudie jaribio mara 30 kabla ya kusema toleo ni zima, na hata hapo kuna takriban asilimia 4 ya kudanganywa. Rudia zaidi.

Kama haijawahi kufanya kazi, au kinachoanguka ni kompaila yenyewe, historia haikusaidii. Punguza msimbo. Futa nusu, angalia kama dalili ipo, endelea. C-Reduce, kutoka Chuo Kikuu cha Utah, hufanya hivyo yenyewe na inaweza kushusha faili la maelfu ya mistari hadi mistari michache. Lakini inafuata jaribio lako kama lilivyo, na ikipewa nafasi itazalisha kosa jipya lenye dalili ileile, kwa mfano kwa kufuta mstari unaoweka thamani ya mwanzo. Ndani ya jaribio weka pia `-Wall -Wextra` na UndefinedBehaviorSanitizer, ili toleo lililopungua lakini lenye tabia isiyofafanuliwa likataliwe.

## Je, kompaila yenyewe ndiyo mbovu?

Inawezekana. Mwaka 2011 watafiti wa Utah walieleza Csmith, programu inayozalisha misimbo ya C ya nasibu isiyo na tabia isiyofafanuliwa. Kwa miaka mitatu waliripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zikijulikana, na kila kompaila waliyoijaribu ilipatikana ikitoa msimbo usio sahihi kimyakimya. CompCert, ambayo usahihi wake umethibitishwa kihisabati, ndiyo iliyosimama tofauti: katika sehemu yake iliyothibitishwa ya kati hawakupata kosa la aina hiyo.

Hata hivyo, hitilafu hizo zilitafutwa kwa misimbo ya kutengenezwa makusudi. Kwa msimbo wa kawaida, shuku msimbo kwanza. Watunzaji wa GCC wenyewe wanasema kabla ya kuripoti, kompaili kwa `-Wall -Wextra`. Kisha, kama `-fno-strict-aliasing -fwrapv` inabadilisha matokeo, au `-fsanitize=undefined` inatoa kosa, basi huenda msimbo wako ndio usio sahihi. Kuna hali moja tu isiyo na mjadala: kompaila yenyewe ikianguka au ikitoa ujumbe wa hitilafu ya ndani, kosa ni lake, hata kama ulichoipa ni takataka.

Ukishapita vichujio hivyo na msimbo umebaki mistari michache, upeleke kwenye Compiler Explorer, iliyoanzishwa na Matt Godbolt mwaka 2012. Unaweka matoleo mawili ya kompaila bega kwa bega na kuona asembli (maagizo ya mashine) inapoachana. Jaribu pia toleo jipya kabisa, maana huenda limesharekebishwa. Kama bado lipo, ripoti iwe na toleo kamili kutoka `gcc -v`, amri yote kama ulivyoiandika, faili lililokwisha kuchakatwa (`-save-temps` hulitoa, likiwa na kila kilichotoka kwenye faili za `#include`), jibu ulilopata, jibu ulilotarajia, na kifungu cha kiwango cha lugha kinachokupa haki ya kulitarajia.